Darasa la Tano si Mwaka wa Kupumzika

Kila mwaka, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, wazazi wengi hapa Arusha hushusha pumzi na kuuchukulia mwaka unaofuata kuwa wa mapumziko, kwa hoja kwamba mtihani wa darasa la saba bado uko mbali. Enzi zetu hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Kwa watoto walioingia darasa la tatu Januari 2024, na ambao mwaka huu wa 2026 wako darasa la tano, mashiko hayo yamekwisha, kwa kuwa wao ni kundi la kwanza la mtaala mpya ambao elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Binti yangu yumo katika kundi hilo, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa kuelezwa mapema na mzazi aliyetangulia, isipokuwa safari hii hakuna aliyetangulia.

Jambo la kwanza ni hesabu ya miaka. Watoto waliokuwa darasa la nne mwaka 2024 waliendelea na mtaala wa zamani, nao watamaliza darasa la saba mwaka 2027. Hawa wa darasa la tano watamaliza darasa la sita mwaka huohuo. Kwa mpangilio huo, makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Jirani yangu wa Sakina ana wavulana wawili waliopishana darasa moja, na ameanza kuweka akiba mapema kwa sababu sare, madaftari, viatu na magodoro vitanunuliwa kwa jozi. Kilichomshangaza zaidi ni vitabu. Alikuwa amevitunza vya mkubwa kwa uangalifu, akiamini mdogo atavirithi, kumbe mkubwa anasoma Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili pamoja na Sayansi na Teknolojia, ilhali mdogo ana Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sayansi, tena na Sanaa na Michezo. Kiswahili, Kiingereza na Hisabati wote wanavyo, lakini mihtasari ni tofauti. Mzazi asiyejua kitabu kipi ni sahihi asikimbilie vibanda vya mjini kwanza. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo, hivyo anaweza kulinganisha jalada kabla ya kutoa fedha.

Katika masomo yenyewe, badiliko kubwa ni kwamba mtoto hafundishwi tena kusoma, anatarajiwa asome ili ajifunze. Darasa la kwanza na la pili lilikuwa la kusoma, kuandika na kuhesabu, na darasa la tatu na la nne lilikuwa kama daraja. Kufikia darasa la tano, mwalimu wa Sayansi hana muda wa kusubiri mtoto anayesoma neno kwa neno, na mtoto wa namna hiyo ataonekana mzito katika kila somo, ingawa tatizo lake ni moja tu. Ni rahisi kulibaini nyumbani: mpe aya moja ya kitabu cha Jiografia, asome kimya, kisha afunge kitabu na akusimulie. Akishindwa kusimulia, tuisheni ya Hisabati haitamsaidia sana, kwani hata maswali ya mafumbo ya Hisabati yanaanza na kusoma.

Hisabati nayo ina kona yake kali, nayo ni sehemu. Jioni moja nilimkuta binti yangu amejumlisha nusu na theluthi, akapata mbili ya tano. Alikuwa amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, moja na moja, mbili na tatu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Sikumpa kanuni. Nilichora chapati, nikamuuliza kama mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Alitazama mchoro kwa muda, akasema ni ndogo, kisha akakunja uso: inawezekanaje uanze na nusu, uongezewe, halafu ubaki na pungufu ya nusu? Hapo ndipo kutafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani sita, kulipoanza kuwa na maana kwake, na jibu la tano ya sita likakubalika. Mtoto anayezoea kujiuliza kama jibu lake linaingia akilini atavuka desimali na asilimia kwa usalama zaidi kuliko aliyekariri hatua.

Kuhusu Kiingereza, wenye watoto katika shule za serikali tukumbuke kwamba masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiswahili hadi mwisho wa elimu ya msingi, kisha sekondari lugha hubadilika ghafla. Muda wa kujiandaa umepungua kwa mwaka mmoja. Kitabu kimoja chepesi cha hadithi kinachosomwa hadi mwisho kina faida kuliko orodha ndefu ya misamiati iliyobandikwa ukutani.

Ripoti ya muhula ikija, swali la kwanza la ukoo mzima huwa ni "amekuwa wa ngapi?" Shangazi wa Moshi hupiga simu kwa ajili ya hilo tu. Nafasi darasani hutegemea darasa lina nani na lina wangapi. Mimi huanza na somo lililoshuka, kisha namwomba mwalimu anionyeshe karatasi yenyewe ya jaribio.

Kuna pia mwili, ambao haungojei ratiba ya shule. Watoto wa miaka kumi na kumi na moja wanaingia balehe, na wasichana wengine hupata hedhi wakiwa bado darasa la tano. Mazungumzo haya tusimwachie bibi wala matroni. Taulo za kike ziwepo kwenye begi kabla hazijahitajika, na wavulana nao waelezwe ili wasije wakamcheka mwenzao. Mzazi wa msichana aulizie pia chanjo ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Katika umri huu mtoto huanza kujitazama kwa macho ya wenzake. Kwetu huku chini ya Mlima Meru, ambako maji ya maeneo mengi yana floraidi nyingi, suala hilo mara nyingi huanzia kwenye meno. Mtoto aliyekuwa akicheka wazi huanza kuziba mdomo kwa kiganja, hasa akija mwanafunzi mgeni kutoka mkoa mwingine na kuuliza kwa nini meno yake ni ya kahawia. Madoa hayo hutokea wakati meno yanakua ndani ya ufizi, hivyo kupiga mswaki kwa nguvu hakuyaondoi, na kumkaripia kuwa hapigi mswaki ni kumwonea.

Suala la mwisho ni bweni, na hapa ndipo wazazi wa Arusha na Kilimanjaro tunapobishana zaidi. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na matokeo yake darasa la tano limekuwa mlango ambao shule nyingi binafsi huusubiri. Matangazo huanza kumiminika kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi tangu Oktoba. Mzazi ambaye daladala humrudisha nyumbani saa tatu usiku, na hana mtu wa kukaa na mtoto, ana sababu ya kweli, na sitamlaumu. Anayempeleka mtoto kwa sababu tu jirani kampeleka wake, afikirie kwamba huyu anabadilishiwa masomo, mwili na marafiki kwa wakati mmoja. Sisi tumeamua abaki nyumbani hadi amalize darasa la sita, ingawa mwenyewe anataka kwenda kwa sababu ameambiwa kule wanakula wali mara nyingi kuliko makande.