Kumbukumbu ya mradi: utepe wa majina, kutoka After Effects hadi Resolve

Utepe wa majina (ule ukanda wa skrini unaoonyesha jina na cheo) wa video zetu za mechi za ndondo, mpira wa mtaani, sasa unafanya kazi kwenye mashine ya mhariri, si kwangu peke yangu. Mimi natengeneza grafiki kwenye After Effects, mwenzangu anahariri kwenye DaVinci Resolve. Angekuwa mtu wa Premiere Pro ningemaliza mapema: Dynamic Link inaziunganisha programu hizo mbili bila kurenda, yaani bila kutoa faili ya video iliyokamilika, au unampa templeti ya .mogrt anajaza majina mwenyewe. Kwa Resolve hakuna mlango huo. Ama unapeleka picha iliyokwisha kurendwa, ama unajenga upya ndani ya Fusion, sehemu ya kutengeneza grafiki ambayo imo ndani ya Resolve tangu toleo la 15 la mwaka 2018.

Nimetumia njia zote mbili. Kisichobadilika, yaani nembo ya mwanzo na mpito wa marudio ya goli, nimekirenda. Chenye maandishi nimekijenga upya.

Cha kurenda kinakwenda kwa ProRes 4444, aina ya video inayobeba alfa, yaani kiwango cha uwazi cha kila pikseli. H.264, ile ya video za kawaida, haibebi alfa, kwa hiyo nembo ingefika na boksi jeusi nyuma yake. Uzito ndio bei yake: Apple wanaipa 4444 takriban megabiti 330 kwa sekunde kwenye 1920×1080 ya fremu 29.97 kwa sekunde, kabla ya kuhesabu alfa. Grafiki yenye eneo kubwa tupu hushuka chini ya hapo, lakini bado bando linalia.

Halafu kuna alfa yenyewe. Wakati wa kurenda unaulizwa Straight au Premultiplied, na wengi hupita tu hapo. Chukua pikseli moja ya ukingoni mwa herufi nyeupe, iliyo wazi nusu. Straight inaiandika nyeupe kamili, 1.0, na alfa 0.5. Premultiplied juu ya nyeusi imeshazidisha rangi kwa alfa tayari: rangi 0.5, alfa 0.5. Faili hii ya pili ikisomwa kama Straight, inazidishwa tena na rangi inashuka hadi 0.25. Juu ya jezi nyeupe, ambapo jibu lilitakiwa kuwa 1.0, unapata 0.75: ule uzi wa kijivu unaozunguka herufi kama masizi ya sufuria. Ukigeuza, Straight ikasomwa kama Premultiplied, kingo zinawaka kupita kiasi.

Dawa iko Clip Attributes ndani ya Resolve. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya klipu, nenda Alpha mode, chagua kilekile ulichorendea. Mimi nimeshikilia Straight kwa kila kitu na jina la faili linaishia na _straight, mwenzangu asibahatishe. Faili hiyo ukiifungua kwenye programu ya kawaida ya kutazama video inatisha, mng'ao umegeuka mabaka. Ndivyo ilivyo, isikushtue.

Fremu: 25 kwa sekunde, kote. Grafiki ya fremu 30 ukiitupa kwenye taimulaini ya 25, nyingine zinaachwa njiani na utepe unaingia kwa kushtuka.

Sasa Fusion, ambako kazi hasa ilikuwa. After Effects ni leya juu ya leya. Fusion ni nodi, yaani visanduku vyenye kazi moja moja, zinazounganishwa kwa mistari. Mpangilio ukishauelewa, kinachosumbua ni vipimo. After Effects inahesabu pikseli kuanzia kona ya juu kushoto. Fusion inahesabu kutoka 0 hadi 1 kuanzia chini kushoto. Kwa hiyo utepe uliokuwa x 480, y 900 unakuwa 0.25 na 0.167: gawanya 480 kwa 1920, gawanya 900 kwa 1080, kisha hiyo ya pili itoe kwenye 1. Nimeandika jedwali zima kwenye daftari na sijutii, maana ukikadiria kwa macho utepe unakaa juu au chini kidogo na hutajua kwa nini unakukera.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni nodi ya Keyframe Stretcher. Jina la mchezaji mmoja linakaa sekunde tatu, la kocha anayeongea linakaa nane. Bila nodi hiyo, ukivuta klipu irefuke, utepe unatoka palepale kwenye sekunde zake za zamani na mwisho wa klipu unabaki mtupu. Ukiiweka, unaonyesha sehemu ya katikati inayoruhusiwa kunyooshwa. Kuingia na kutoka kunabaki fremu 12 zilezile.

Mwishowe nodi zote zimefungwa kuwa makro, kifurushi kimoja, nikaacha wazi vitu vitatu tu: jina, cheo, rangi ya timu. Zaidi ya hapo mhariri ataanza kuhamisha vitu, namjua. Faili yake ya .setting inakaa kwenye folda ya Templates/Edit/Titles, na Resolve ikifunguliwa upya inaonekana kwenye Titles. Ni maandishi matupu, unaweza kuyasoma hata kwa Notepad, na nilimtumia kwa WhatsApp kama dokumenti. Fonti haisafiri nayo, hiyo nilimtumia kando aisakinishe.

Bado ubao wa magoli. Bamba la nyuma nitalirenda, tarakimu ziwe Text+, zana ya maandishi ya Resolve, ili mhariri aandike matokeo mwenyewe. Kugeuka kwa namba goli linapoingia bado nakufikiria. Kwa After Effects kulikuwa na leya za 3D, na Fusion nayo ina 3D yake, ila kamera na taa inabidi nivipange upya.