Kryvyi Rih: watu wake huhesabika kwa kufuata madini

Ukitafuta idadi ya watu wa Kryvyi Rih, mji wa chuma wa kusini-kati mwa Ukraine, utakutana na takwimu zinazopishana kwa makumi ya maelfu. Nyingi si za uongo. Zinahesabu mipaka tofauti na miaka tofauti, na anayezichanganya hupata historia isiyokuwapo. Njia ya kuzielewa ni kuanzia na mwamba ulio chini ya mji.

Mwaka 1775 hapo palikuwa na kituo cha posta tu, mahali mto Saksahan unapoingia Inhulets. Mnamo 1866 Oleksandr Pol, mwenye mashamba aliyependa kuchimbua mambo ya kale, aliona madini ya chuma kwenye korongo la Dubova Balka. Alihangaika miaka mingi kutafuta mtaji, akaupata Paris, na uchimbaji ukaanza 1881. Mwaka 1884 reli ilivuka mto Dnipro hadi Donbas, eneo la makaa ya mawe mashariki mwa Ukraine. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya mji huu, kwa sababu madini bila koki (makaa ya mawe yaliyookwa ili kuwa kuni ya tanuru) hayayeyuki, na makaa ya mawe ya kutengenezea koki yalikuwa Donbas. Mabehewa yalipeleka madini mashariki na kurudi na makaa.

Lakini angalia: sensa ya 1897 ilikuta watu kama 15,000 tu. Sehemu kubwa ya madini iliyeyushwa kwingine, na ajira za viwandani zikabaki hukohuko yalikopelekwa. Mgodi peke yake haukuzi mji haraka. Tanuru ndilo hukuza.

Tanuru lilikuja baadaye. Mwaka 1926 wakazi walikuwa takriban 31,000. Ujenzi wa kiwanda cha Kryvorizhstal ulianza 1931, tanuru la kwanza likawashwa 1934, na kufikia sensa ya 1939 mji ulikuwa na watu karibu 190,000. Wengi wao walitoka vijijini, katika miaka ileile ya mashamba kutaifishwa na ya njaa kuu ya Holodomor ya 1932–33. Ongezeko hilo lisisomwe kama habari njema tupu.

Kosa la kawaida kwenye grafu ni kuunganisha 1939 na 1959 kwa mstari ulionyooka. Katikati kuna uvamizi wa Wajerumani, kuanzia Agosti 1941 hadi 22 Februari 1944, na mauaji ya Wayahudi wa mji Oktoba 1941. Mstari sahihi unashuka kwanza, kisha unapanda kwa kasi.

Kilichoupandisha baada ya vita ni teknolojia ya madini duni. Mwamba wa hapa uitwao kwatziti yenye chuma una chuma kama asilimia 35, kiasi kisichofaa kuingizwa tanuruni kama ulivyo. Husagwa hadi uwe unga, chembe za magnetiti, yaani madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, hutenganishwa kwa sumaku, na unga wa chembe hizo huwa na chuma asilimia 65 hivi. Kila tani ya unga huo hudai zaidi ya tani mbili za mwamba, kwa hiyo mashimo ya wazi yalipanuka, na viwanda vikubwa vya kusafisha madini vikajengwa kuanzia 1955, kila kimoja na mitaa yake ya wafanyakazi. Wakazi walifika takriban 573,000 mwaka 1970 na zaidi ya 710,000 mwaka 1989. Tanuru namba 9 la 1974, lenye ujazo wa mita za ujazo 5,000 na ushee, lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani.

Kwa kuwa madini yamelala kama utepe kutoka kaskazini hadi kusini, mji nao ukawa utepe wa makumi ya kilomita. Ndiyo maana una metrotramu, iliyofunguliwa Desemba 1986: tramu inayopita kwenye mahandaki kama reli ya chini ya ardhi.

Utepe huo pia ndio chanzo cha takwimu zinazopishana. Terny ulikuwa mji wa peke yake hadi 1969. Mji wa Inhulets, wenye jina moja na mto, nao ulihesabiwa kivyake katika sensa ya 2001, ukaunganishwa baadaye. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha miaka, uliza: mipaka ipi? Kisha tazama kama ni sensa au makadirio. Ukraine huru imefanya sensa moja tu, ya Desemba 2001, iliyokuta watu takriban 669,000 ndani ya mipaka ya wakati ule. Takwimu za baadaye hutokana na kuchukua idadi hiyo, kuongeza waliozaliwa, kutoa waliofariki, na kurekebisha kwa uhamiaji ulioandikishwa. Aliyekwenda kufanya kazi Poland bila kufuta usajili wake bado anahesabiwa.

Makadirio ya 1 Januari 2022 ni takriban 604,000. Hayafai kutumika kwa sasa. Baada ya uvamizi wa Urusi wa Februari 2022 wengi waliondoka, huku wakimbizi wa ndani kutoka Kherson, Zaporizhzhia na Donetsk wakiingia, na pande hizo mbili hazifutani kwa usawa. Juni 2023 bwawa la Kakhovka, lililokuwa likiupa mji sehemu kubwa ya maji yake, lilibomolewa, na ikabidi usambazaji upangwe upya. Ukiandika 604,000, weka mwaka pembeni yake.