Sarafu tano za Tabora kwenye trei moja

Kabla hatujaingia ukumbini tulikuwa tumekubaliana jambo moja: saa ya kwanza, hakuna kununua. Maonyesho ya sarafu za dunia humlevya mtu haraka. Meza zimepangwa safu kwa safu, kila moja imejaa trei, albamu na makasha ya vioo, na mkono huwahi mfukoni kabla jicho halijazoea. Ukizunguka kwanza bila haraka unajua nani ana nini, nani anatunza vitu vyake vizuri, na ile sarafu uliyoiona mlangoni ukaidhani adimu iko kwenye meza ngapi nyingine.

Kila mmoja wetu alibeba lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na unene) ya plastiki kwa kuwa ya chuma hukwaruza, na daftari la anazozitafuta. Kando ya jina la kila sarafu tulikuwa tumeandika uzito na kipenyo chake. Rupia ya fedha ya Afrika Mashariki ya Wajerumani: gramu 11.66, milimita 30. Rupia 2 za mwaka 1893 na 1894: gramu 23.32, milimita 35. Dola ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria: gramu 28.07, milimita 40 hivi. Namba hizo zikiwa mkononi huna haja ya kubishana na mwenye meza, unapima tu.

Mzee wa kikundi chetu alikuwa na jiwe la gramu 100 la kusahihishia mizani. Mizani hizi hupotoka zikisafirishwa, au zikitolewa kwenye baridi na kuingizwa kwenye joto. Tuliziacha kwanza zizoee hewa ya ndani, kisha tukazisahihisha zote juu ya meza moja ya mapumziko, mbali na feni, kwa sababu hata upepo mdogo huyumbisha tarakimu ya mwisho.

Tulianzia kwenye masanduku ya bei moja, yale ambayo sarafu zimemwagwa humo bila mpangilio na kila moja inauzwa sawa na mwenzake. Watu wengi huyapita. Dada mmoja wa kikundi chetu hukusanya sarafu zenye tundu, na yeye hakai kwenye kiti mpaka amalize sanduku zima. Alikuwa akitafuta mwaka 1936. Mwaka huo Uingereza ilikuwa na wafalme watatu: George V alifariki Januari, Edward VIII akajiuzulu Desemba, George VI akashika. Sarafu zenye picha ya Edward hazikuwahi kuingia kwenye mzunguko, lakini zenye tundu hazikuhitaji picha, zilihitaji jina tu. Kwa hiyo senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za 1936 zilitoka zikiwa na jina EDWARDVS VIII, na vivyo hivyo peni za Fiji, New Guinea na Afrika Magharibi ya Waingereza. Si adimu hata kidogo, ndiyo maana hukutwa masandukuni. Kazi ni kutazama vizuri, kwa kuwa senti 10 za George V za mwaka huohuo zinafanana nazo kwa kila kitu isipokuwa jina: pembe za ndovu zilezile zimezunguka tundu lilelile.

Alipozipata aliziweka pembeni, akaanza kusoma herufi ndogo. H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni Kings Norton. Zisizo na herufi ni za kiwanda cha serikali, London. Ukitaka seti kamili ya senti 10 za Edward unazihitaji zote tatu, na herufi hizo ndizo huwa za kwanza kufutika sarafu ikisuguliwa mifukoni. Tulimshikia taa kwa upande mmoja tu. Mwanga ukitoka pande zote hufuta vivuli, na bila kivuli herufi iliyolika haisomeki.

Katikati ya asubuhi kijana mmoja wa kundi letu alitoa mfukoni dola yake ya Maria Theresa. Alikuja nayo ili wanaojua waione. Sarafu hii ina tabia ya pekee: Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na tangu hapo imeendelea kugongwa ikiwa na mwaka uleule, Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakutaka nyingine. Mwaka, basi, haukuambii kitu. Utasoma herufi S.F. chini ya kifua cha malkia, utatazama lulu za kwenye taji na bruchi (pini ya pambo) ya begani kama kila moja imesimama peke yake, halafu utakwenda pembeni.

Pembeni mwa sarafu ndipo waigaji wengi hushindwa, na ndipo wanunuzi wengi hawatazami. Ya kweli ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yamejitokeza juu, makali, na mapambo katikati yake. Ya kijana ilikuwa na maneno hayo, ila yamevimba kama mshumaa ulioanza kuyeyuka, na ukiizungusha polepole mbele ya taa unaona ufito mwembamba ukipita katikati ya ukingo wote. Ufito huo ni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Sarafu ya kweli hugongwa, haimiminwi.

Mizani ilisema 27.9. Hapo ndipo wengi wangeridhika.

Mzee akaomba kikombe cha maji. Jaribio lenyewe ni rahisi, na unaweza kulifanya popote penye mizani. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, ibonyeze isome sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala kando. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni mililita moja, hiyo ndiyo nafasi ambayo sarafu imechukua. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Dola ya kweli ina fedha sehemu 833 kwa 1000, iliyobaki shaba, na hutoa 10.2 hivi. Tahadhari ni viputo vya hewa: vikishika kwenye maandishi hukuza namba ya maji na kuifanya fedha safi ionekane bandia. Tikisa uzi kidogo viachie.

Ya kijana ilisukuma gramu 3.20. 27.9 kwa 3.2 ni 8.7. Hiyo ni jamii ya shaba iliyopakwa fedha juu. Aliyeitengeneza alijua uzito unaotakiwa, akaifanya nene zaidi ili mizani ikubali. Kalipa ikathibitisha: kipenyo sawa, unene umezidi. “Basi, mzee, niitupe?” kijana akauliza. Mzee akamwambia aitunze kwenye kasha lake na karatasi iliyoandikwa vipimo vyote, kwa sababu sarafu bandia iliyopimwa vizuri hufundisha kuliko picha. Nakubaliana naye kabisa.

Kwenye safu ya nyuma tulikuta Rupia 2 ya 1894, Kaiser Wilhelm II na kofia yake yenye tai, inang'aa kupita kiasi. Hii ni kati ya sarafu zinazoigwa sana katika fungu lote la Afrika Mashariki ya Wajerumani. Tulimwomba mwenye meza ruhusa ya kuipima, naye akaruhusu. Gramu 19.4, karibu gramu nne pungufu. Uchakavu hauwezi kula fedha kiasi hicho na kuacha manyoya ya tai yakiwa makali. Hatukusema neno kwa sauti. Tulimgeuzia mizani asome mwenyewe, akaitoa kwenye trei.

Kuomba ruhusa si adabu tupu. Sarafu ya mtu huitoi kwenye kifuko chake mpaka akubali. Ukikubaliwa, unaishika kwa pembeni, kidole gumba na cha shahada, juu ya trei yenye kitambaa na kamwe si juu ya sakafu. Mezani iwe moja tu kwa wakati, uirudishe ilipotoka ndipo uombe ya pili. Na usizungumze ukiwa umeiinamia. Vitone vya mate havionekani siku ile; vinaonekana baada ya miezi, vimekuwa madoa meusi yasiyotoka.

Tulikokaa kuliko kote ni kwenye meza ya sarafu za Tabora.

Mwaka 1916 koloni la Wajerumani lilikuwa limefungiwa bahari na halikupata sarafu kutoka Ulaya. Zikagongwa Tabora, kwenye karakana ya reli: heller 5 (heller ni kama senti ya rupia ya Wajerumani) za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na Rupia 15 za dhahabu zenye ndovu aliyeinua mkonga mbele ya milima. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora Septemba mwaka huohuo. Ile ya dhahabu tuliitazama kwenye kasha la kioo tu, tukatafuta ncha ya pambo upande wa tai kama inaishia chini ya T au chini ya A ya OSTAFRIKA, maana zipo za aina mbili, tukaendelea.

Mwenye meza alikuwa na heller 20 tatu. Wenzetu wawili walikuwa wamekuja kila mmoja na yake. Tukamwomba atuachie trei moja tuzipange zote tano pamoja, naye akakubali kwa furaha, akavuta kiti akakaa nasi. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa ya maonyesho, kubwa kuliko kununua: nyumbani una sarafu yako moja na picha za wengine, na picha haina uzito, wala huwezi kuiinamisha kwenye mwanga.

Mizani, iliyokuwa hakimu tangu asubuhi, hapa ilikosa la kusema. Moja ilikuwa chini ya gramu 10, nyingine ikakaribia 13, nazo zote ni za kweli. Za Tabora hutofautiana hivyo, kwa kuwa zilitengenezwa wakati wa vita kwa shaba iliyopatikana, maganda ya mizinga yakiwemo. Ukiikataa heller 20 ya Tabora kwa uzito peke yake umekataa sarafu nzuri.

Kinachosomwa ni mkono wa aliyechonga mihuri, yaani vyuma vya kugongea sarafu. Upande wa taji, tazama ukubwa: kuna taji kubwa na taji dogo, na ukiziweka kando kwa kando hukosei. Upande wa pili tazama L mbili za HELLER. Kuna muhuri ambao L ya pili peke yake ina ncha iliyojikunja, kuna ambao L zote ncha zake zimechongoka, na kuna ambao L zote mbili zimejikunja. Kwenye sarafu iliyochakaa mkunjo huo ni mdogo kama unywele, hivyo geuza sarafu mpaka mwanga ulale ukitokea chini ya herufi.

Tatu za shaba ya njano zilikuwa na taji kubwa, na L zao zilifanana. Dada wa sarafu za tundu ndiye aliyegundua, lenzi ikiwa jichoni: kwenye zote tatu kulikuwa na mstari mwembamba uliotoka kwenye taji kuelekea ukingoni. Mstari uliojitokeza juu. Mkwaruzo huzama ndani ya metali; ufa wa muhuri hujitokeza, kwa sababu shaba husukumwa na kuingia ndani ya ufa wa chuma kila inapogongwa. Mstari mmoja mahali palepale kwenye sarafu tatu maana yake zilitoka kwenye muhuri mmoja.

Tukaanza kuzipanga. Ufa hauponi, huongezeka tu, kwa hiyo yenye mstari mfupi ndiyo iliyogongwa kwanza. Ya pili mstari wake uligusa ukingo. Ya tatu ulikuwa umepanuka, na metali imetuna kando yake, dalili kwamba muhuri ulikuwa unaanza kumeguka. Sarafu tatu zilizotoka karakana moja, zikapotezana zaidi ya miaka 100, na sasa tunajua ipi ilitangulia. Mwenye meza alikuwa ameuza sarafu hizi muda mrefu na hakuwahi kuziona hivyo. Aliomba tumsubiri apige picha kabla hatujazitenganisha.

Yenye ufa mfupi ilikuwa ya kwake, na mwenzetu mmoja aliinunua palepale, kwa kuwa mbili zilizofuata tayari zilikuwa ndani ya kikundi. Zile mbili za shaba nyekundu tuliziacha. Moja ilikuwa na rangi ya waridi inayong'aa sawasawa hadi kwenye mabonde ya herufi, na chini ya lenzi mikwaruzo midogo sambamba, imesuguliwa. Shaba ya umri huo huwa kahawia. Nyingine ilikuwa nzima ila taji lake lilikuwa kubwa, na sisi ya taji dogo ndiyo tuliyokosa.

Jioni tulikaa kuhamisha tulivyonunua. Vifuko laini vya plastiki ya PVC hutoa ute wa kijani unaokula shaba, kwa hiyo hakuna kilicholala humo. Zenye ute tuliziloweka kwenye asetoni safi ndani ya kikombe cha kioo, dirisha wazi, bila kusugua, tukazianika juu ya karatasi laini. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Kisha kila moja ikaingia kwenye kadi yenye dirisha, pini za kadi zikabanwa kwa koleo zilale bapa zisije zikakwaruza jirani. Juu ya kadi ya heller ya ufa mfupi mwenzetu aliandika uzito, aina ya taji, umbo la L, na neno “kwanza”. Wenye ya pili na ya tatu nao wakaandika zao.