Chenso ya Urithi

Mwezi wa Julai mwaka 2013, katika majira yale ambayo Mafinga huamka na ukungu mzito na sakitu nyeupe juu ya majani ya mabondeni, rafiki yangu aliingia katika karakana yangu ya pikipiki akiwa amebeba begani salfeti iliyofungwa kwa kamba ya katani. Tuliamkiana kirefu kama ilivyo desturi ya huku, kamwene za pande zote mbili, habari za watoto, za mahindi na za ng'ombe wake aliyekuwa karibu kuzaa, kisha akaishusha salfeti sakafuni taratibu kama mtu anayemlaza mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na msumeno wa mnyororo, au chenso kama wapasua mbao wanavyoiita, na ilikuwa imejaa masizi kiasi kwamba rangi yake haikujulikana mpaka nilipoifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

Ilikuwa Stihl 070, mashine ya Kijerumani yenye injini ya sentimita za ujazo 106, ujazo ambao hautofautiani sana na wa bodaboda nyingi zinazopita barabarani. Baba yake aliinunua alipokuwa akipasua mbao katika msitu wa Sao Hill, na baada ya mzee kufariki ilikaa miaka sita kwenye dari la jiko, ikifukizwa na moshi wa kuni asubuhi na jioni. Sasa rafiki yangu alikuwa na shamba la misindano lililopandwa na mzee huyohuyo, na mnunuzi wa magogo alikuwa ameahidi kuleta lori kabla ya mwezi kwisha. Angeweza kukodi chenso pamoja na mwendeshaji wake, maana mjini pale hawakukosekana, lakini alitaka miti ya baba ikatwe kwa chenso ya baba, na mtu mwenye nia ya namna hiyo huwezi kumwambia akanunue mpya.

Alipokuwa akiondoka aligeuka mlangoni akasema, "Kaka, kuna jambo moja. Mzee alikuwa akishamaliza kukata anaiinamisha kidogo upande wa kulia, ndipo inatulia. Usipoiinamisha inapiga kelele yenyewe."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba mashine haina ubavu wa kulalia kama mtu mwenye jipu, kwamba wazee wetu walikuwa na mazoea mengi, na kwamba aje Jumamosi aichukue. Ufundi wangu niliuanzia kwenye pikipiki za zamani za moshi wa bluu, zile ambazo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, na niliamini kwamba injini ya chenso ni ndugu yao mdogo asiyeweza kunishinda.

Siku ya kwanza ndiyo iliyoniponza, kwa sababu kazi ilikwenda vizuri mno. Petroli iliyosahauliwa ndani ya kabureta ilikuwa imegeuka utomvu wa kahawia, nikauosha na kupuliza kila kitundu kwa hewa ya kompresa. Nikaweka plagi mpya. Nikachanganya petroli na oili kwa kipimo cha 25 kwa 1, yaani mililita 200 za oili katika lita tano, nikavuta kamba mara nne, na mara ya tano ikanguruma hata fundi cherehani wa jirani akatoka nje kuangalia. Nilisimama nayo mikononi kwa fahari isiyo na kipimo. Baada ya dakika kama kumi niliachia mafuta ili itulie, lakini haikutulia. Mlio ulipanda wenyewe, ukawa mwembamba na mkali, na mnyororo ukaendelea kuzunguka ilhali kidole changu hakikugusa kitu.

Kwa asiyezifahamu mashine hizi, nieleze kwamba klachi ya chenso hushika kwa nguvu ya mzunguko. Injini ikienda taratibu, viatu vya klachi hukaa ndani na mnyororo husimama, na injini ikikimbia, viatu hutanuka, hushika ngoma na mnyororo huzunguka. Chenso isiyokubali kushusha mlio ni chenso yenye mnyororo usiosimama, na anayeibeba kutoka mti mmoja hadi mwingine amebeba kifo karibu na paja lake. Kwa hiyo sikuweza kumrudishia rafiki yangu na kumwambia aitumie hivyohivyo.

Nikaanza kuhangaika na skrubu za kabureta. Niliifungua ya mwendo wa chini robo mzunguko, ikatulia, nikafurahi. Asubuhi iliyofuata nikaiwasha katika baridi, ikatii kama mtoto wa shule, na ilipopata moto ikarudia uasi wake. Nikaifungua tena kidogo. Ikatulia, kisha ikakataa. Jumamosi rafiki yangu alipokuja nilimwambia kwamba viwambo vya kabureta vimekauka, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba tukivipata vipya shida itakwisha, jambo ambalo nililitamka kwa uhakika ambao sikuwa na haki nao.

Viwambo hivyo vya mpira, ambavyo hupanda na kushuka kwa msukumo wa injini ili kuvuta petroli, havikupatikana Mafinga wala Iringa. Nilimpigia muuzaji mmoja wa Kariakoo, nikamsomea namba zilizochongwa kwenye kabureta, nikamtumia pesa kwa simu, na baada ya siku tatu kifurushi kikateremshwa na basi usiku wa manane. Matundu ya viwambo vile hayakulingana na ya kabureta yangu hata moja. Nilipompigia, alinijibu kwa upole wa kuudhi kwamba mafundi wengi huyatoboa wenyewe. Kifurushi cha pili kilikuja baada ya wiki nzima, na hicho kilikuwa sahihi. Nikavifunga, nikawasha, ikatulia asubuhi nzima, nami nikamtuma kijana akamwite rafiki yangu. Alipofika saa tisa alasiri ilikuwa ikipiga mayowe yaleyale.

Hakulalamika, na hilo ndilo lililonichosha kuliko mashine yenyewe. Kila jioni alipita karakanani akitoka sokoni, tukaamkiana, tukaulizana habari zote zinazoulizika, za ng'ombe aliyekwisha kuzaa na za ndama wake, na ile moja iliyokuwa baina yetu juu ya meza haikuulizwa na yeyote. Macho yake yalikwenda mezani mara moja, yakarudi. Mara mbili alituletea viazi nyumbani bila kunipitia mimi, na mke wangu akaniuliza kama nimeanza kulipwa kwa kazi nisizomaliza. Kama angenitukana ningeweza kumjibu kwamba kazi yenyewe naifanya bure.

Katika wiki ya tatu hasira ilinipeleka kwenye umeme. Nilijiambia kwamba pengine pointi, vile vichuma vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche, zinapishana na wakati wake, na pointi za mashine hii zimejificha nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, nayo flaiwili hung'olewa kwa pula yake maalumu ambayo mimi sikuwa nayo. Fundi mwenye subira angeazima au angechonga. Mimi nilichukua nyundo na kipande cha mti mgumu, nikagonga, nikagonga, na flaiwili ikatoka pamoja na jino lake moja la kupepea hewa, ambalo liliruka likagonga bati la ukuta. Pointi zenyewe nilizikuta safi, nafasi yake karibu milimita 0.4, hazina kosa lolote. Ilinibidi kulisaga kidogo jino la upande wa pili ili flaiwili isiyumbe, na usiku ule nililala nikiwaza jinsi mzee alivyoitunza mashine hiyo miaka yote bila kuipunguzia hata jino.

Lakini doa lililoniumiza zaidi nililiona kesho yake, nilipofungua bomba la moshi na kuchungulia pistoni kwa tochi. Ubavuni mwake kulikuwa na mikwaruzo mipya, inayong'aa, iliyosimama wima. Katika injini ya namna hii oili ya kulainisha haina njia yake. Huja ndani ya petroli. Injini ikinyonya hewa nyingi kuliko petroli, hukimbia kwa mlio mkali na wakati huohuo hukosa ulainishaji, na chuma huanza kulamba chuma. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiiwasha, nikiisikiliza ikipiga mayowe, nikizungusha skrubu na kuiwasha tena, na kila mara niliyoita majaribio ilikuwa ikijila yenyewe mbele yangu. Mikwaruzo haikuwa mirefu, na ringi zilikuwa bado huru katika nafasi zake. Hata hivyo niliifunika chenso kwa gunia, nikaendelea na pikipiki za wateja kwa siku nne bila kuigusa.

Aliyenitoa pale alikuwa kijana aliyeziba pancha barazani kwangu. Nilikuwa nikimweleza mteja kwamba mashine ile inapata hewa mahali nisipopajua, na yeye, bila kuinua kichwa kutoka kwenye beseni lake, akasema, "Sasa fundi, kama inavuja, si uijaze upepo uone mapovu?"

Nilinyamaza. Ni kazi tuliyoifanya pale mara ishirini kwa siku. Tulikata vipande vya mpira wa tairi tukaziba njia ya kabureta na ya moshi, nikatoboa plagi mbovu na kuibandika valvu ya baiskeli, nikaiteremsha pistoni mpaka chini ili hewa ifike tumboni mwa injini, na kijana akapampu taratibu huku mimi nikipaka povu la sabuni kila kiungio. Gasketi ya silinda ilikuwa kavu. Upande wa flaiwili ulikuwa kavu. Nyuma ya klachi, mahali ambapo sikuwahi kufungua kwa sababu sikuona sababu, povu lilianza kutoka dogodogo kama mate ya konokono.

Ili kuifikia sili iliyokuwa nyuma yake, yaani pete ya mpira inayozuia hewa kupita pembeni ya mhimili wa injini, ilinibidi kuitoa klachi, na hapo nikapata aibu ya mwisho. Nilisokota kamba ndani ya tundu la plagi ili pistoni ikwame isizunguke, nikaweka spana, nikakaza misuli kwa nusu saa nzima, mpaka kijana akaniuliza kwa heshima kama nina hakika nafungua. Uzi wa upande ule ni wa kushoto. Hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea inakokazwa nati ya kawaida, kwa kuwa vinginevyo mzunguko wa injini ungeilegeza klachi kazini. Jambo hilo nililijua. Nilikuwa nimelifundisha watu. Nilizungusha upande wa pili, ikaachia kwa mlio mmoja.

Sili ilikuwa ngumu kama kizibo cha soda, mdomo wake umepasuka pande mbili. Ilikuwa imechapwa tarakimu tatu, kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, na kwa tarakimu hizo nilipanda basi kwenda Iringa, kilomita kama 80, nikaingia duka la beringi, nikazisoma, na muuzaji akaitoa katika droo bila kuuliza ni ya mashine gani. Bei yake haikufika nauli ya kwenda.

Nikiwa njiani kurudi nilikumbuka maneno ya mlangoni. Mzee alikuwa akiiinamisha upande wa kulia, upande wa klachi. Nadhani mchanganyiko wa petroli na oili uliojikusanya tumboni mwa injini ulikuwa ukimiminikia juu ya sili ile iliyochoka, ukaziba ufa kwa muda, na mlio ukashuka. Bila kifaa chochote mzee alikuwa amejua mashine yake inaumwa wapi, akamwachia mwanawe, na mwanawe akaniletea mimi pamoja na salfeti siku ya kwanza kabisa. Basi lilikuwa limejaa na abiria wa pembeni yangu alitaka kuzungumza, lakini sikuwa na la kumwambia.

Niliifunga jioni ileile. Asubuhi niliiwasha, nikaiacha ipate moto, nikakata vipande vya gogo la mkaratusi hadi mnyororo ukaanza kufuka, kisha nikaachia mafuta. Mlio ulishuka mpaka ukawa wa kuhesabika na mnyororo ukasimama kabisa. Nilirudia mara kumi na mbili, na kila mara ilitii.

Rafiki yangu alipokuja alinieleza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba mwenye lori hakuweza kungoja, na kwamba nusu ya misindano ilikwisha kukatwa kwa chenso ya kukodi wiki iliyopita. Hakutaka kuniambia mapema nisivunjike moyo. Iliyobaki ni ile ya juu karibu na makaburi, akasema, na hiyo ataikata mwenyewe. Nilimwonyesha jino lililovunjika nikamwomba msamaha, akalipapasa kwa kidole gumba, akasema halina neno.

Kisha akaiwasha. Aliisikiliza ikinguruma, akaachia mafuta, na kabla mlio haujashuka akaiinamisha upande wa kulia, taratibu. Akaisimamisha. Akaiinamisha tena, akiwa ametega sikio na uso umekunjamana.

"Fundi," aliniambia, "mbona nikiiinamisha haibadiliki? Una hakika imepona?"