Nilinunua Jumatano, gawio likanipita

Mwaka juzi nilipata hela kidogo ya mahindi nikasema hii haiishii kwenye tofali, nanunua hisa. Kuna kampuni iliyopo Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) ilikuwa imetangaza gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, na tangazo lilisema wazi, rejista ya wanahisa, ile orodha ya majina ya watakaolipwa, inafungwa Ijumaa. Mimi niko Moshi, Jumatano asubuhi nikampigia broka, yule wakala anayekununulia hisa, hela nikatuma kwa simu nimesimama pale stendi, nikajua nimewahi siku mbili nzima.

Sikupata hata shilingi.

Kumbe hisa sio nyanya za soko la Mbuyuni kwamba ukitoa hela unaondoka na ndoo yako. Pale DSE ukinunua leo, jina lako linaingia kwenye rejista baada ya siku tatu za kazi, kwahiyo mimi wa Jumatano nimeingia Jumatatu wakati Ijumaa walishafunga na jina la aliyeniuzia bado limo, gawio likaenda kwake na ni haki yake. Mwisho wa kununua ilikuwa Jumanne.

Aliyenielewesha vizuri ni mama. Akasema mbona hiyo ni malipo ya pili ya kahawa! Enzi zao unapeleka kahawa chama cha msingi, unapewa malipo ya awali, halafu ikishauzwa mnadani ndo yanakuja ya pili, na analipwa mwenye jina kwenye kitabu, ukinunua shamba lake katikati hapo ya pili sio yako.

Ila nawaambia ukweli, hata ukiwahi Jumanne usidhani umeokota hela. Gawio linatoka kwenye kampuni hiyohiyo, kwahiyo kuanzia siku hisa inapouzwa bila gawio, yaani anayenunua hapati tena gawio hilo, bei yake kawaida huwa inashuka, na ukiuza haraka kuna kamisheni ya broka kununua na kamisheni kuuza. Gawio ni la mtu anayekaa na hisa zake.

Na hela yenyewe haiji siku hiyo rejista inapofungwa. Bodi inapendekeza, wanahisa wanapitisha kwenye mkutano mkuu (wa benki ya CRDB huwa Mei hapo ukumbi wa AICC Arusha, watu wanajaa kweli), ndo malipo yanafuata. Hao CRDB kwa mwaka 2023 walitoa sh 50 kwa hisa, 2024 wakatoa 65, maana yake mwenye hisa 1,000 ana 65,000, inakatwa kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hela haijakufikia, asilimia 5 kwasababu kampuni ipo soko la hisa, anabaki na 61,750.

Sasa hiyo 61,750 inaingia akaunti uliyoandikisha kwa broka. Mama na yeye ana hisa zake chache za siku nyingi na akaunti aliyoandikisha ilishafungwa, namba ya simu nayo alishabadili. Wiki iliyopita nimempeleka na kitambulisho chake tukabadilisha vyote, na magawio ya nyuma ambayo hayakumfikia tumeandika barua kuyadai.