Siku moja maishani mwangu: mimi ndo yule muuza "magugu"

Saa kumi na moja alfajiri natoka kwenda kuchuma mboga za porini za kuuza, nafika porini kunaanza kupambazuka. Mapema zaidi haina maana, gizani sichumi. Watu wanadhani hii kazi ni kuinama tu na kung'oa, si yanaota yenyewe? Ndio yanaota yenyewe, ila na ya sumu nayo yanaota hapohapo. Mnavu ambao ni mboga na mnanaha wenye sumu ukivikuta vichanga vimebanana sehemu moja, kama huna jicho unabeba vyote. Mimi naangalia ua kwanza, la mnavu dogo jeupe lina njano katikati, la mnanaha refu kama tarumbeta halafu tunda lake lina miiba. Maua yakiwa hayajatoka nafikicha jani nanusa, mnanaha unanuka vibaya, na nikibaki na wasiwasi hata kidogo naacha. Mtu akila ule mdomo unakauka, mboni za macho zinatanuka, anaanza kuongea na watu ambao hawapo. Kando ya barabara na kwenye mitaro ya maji machafu sigusi pia, hata mchicha pori uwe umenona vipi, maana majani yananyonya madini ya risasi na uchafu mwingine kutoka kwenye udongo na hapo hata uoshe mara ngapi hautoki.

Saa mbili mpaka saa nne ni kuchambua, kuosha, kufunga mafungu. Mgongo unajua.

Saa tano hivi nimeshapanga meza, mgagani, mlenda, mchunga, mnavu, na unga wa mlonge niliokaushia kivulini, akaja kijana mmoja na simu mkononi. Hata salamu hakuna. "Mama, nataka mlonge wa kuponya sukari." Nikamwambia mwanangu, mlonge ni chakula kizuri, ila wa kuponya sukari sina. Akanionyesha video, kuna mtu anasema kijiko asubuhi kijiko jioni, vidonge tupa. Nikamuuliza mgonjwa ni nani, akasema mama yake, anachoma sindano. Hapo ndo nikagoma kabisa, nikamweleza taratibu kwamba mlonge wenyewe unaweza kushusha sukari, ukijumlisha na dawa za hospitali inaweza ikashuka mpaka mgonjwa azimie, na ukimwachisha sindano ndo umemmaliza, nenda kamuulize daktari wake kwanza halafu rudi. Akasema nambania. Akasema nataka kupandisha bei. Mara wauza majani wote matapeli, mara nimelipwa na wenye maduka ya dawa (ningelipwa ningekuwa nimesimama juani hapa?), na muda wote huo amesimama katikati ya meza, wateja wangu wa mgagani wanachungulia wanapita. Akahamia mwarobaini, je huo, nikamwambia huo ndo hata mjamzito simuuzii. Mwisho akauliza sasa nauza nini! Nikamwonyesha mboga. Akacheka, "haya magugu?", akaondoka akiwa bado anaongea.

Yaani nilichoka kuliko kule porini.

Baada ya hapo saa sijui ngapi, jua limekaa utosini na mchunga umeanza kunyauka nikawa naunyunyizia maji tu. Akaja dada mmoja analalamika mgagani wa juzi ulikuwa mchungu, nikamuuliza aliupikaje, kumbe aliukaanga moja kwa moja. Dada, uchemshe, mwaga maji, tia maziwa, uache ulale, kesho yake ndo ule. Akachukua mafungu mawili. Mwingine anataka kisamvu cha kupika haraka haraka, nikamwambia hicho hakina haraka, kitwange na ukichemshe muda mrefu kwa sababu kibichi kina sumu ya sianidi, akaona usumbufu akachukua mlenda. Bibi mmoja yeye hakuuliza kitu, aligeuza majani ya mnavu, akavunja shina moja, akalipa, na huyo kwangu ana thamani kuliko wateja kumi wa video.

Jioni ilibaki mchunga tu, ndo hivyo, wengi hawauwezi uchungu wake. Nikabeba wa kupika nyumbani. Wakati nakunja turubai jirani wa meza akaniambia kule bondeni ninakochuma wamepulizia dawa ya wadudu shambani, kwa hiyo kesho siendi huko, itabidi nipande mlimani, na mlimani ni mbali na mlenda wake mfupi. Miguu bado inauma.