Mafuta kwenye jicho la mama

"Mnatokea wapi?" daktari aliuliza. Nikadhani anatutuliza hofu tu. "Njombe," nikajibu. Akaweka kalamu chini.

Ilikuwa 2018, Dar es Salaam. Mama alikuwa ameishi na sukari miaka 14. Kliniki walimpima damu na presha, lakini hakuna siku aliyowekewa dawa ya kupanua mboni ili nyuma ya jicho patazamwe. Linaniuma mpaka leo. Alipoanza kuona nyuzi nyeusi zikielea, ndugu walisema ni mtoto wa jicho. Kisha asubuhi moja, akichambua maharage, jicho la kulia likafunikwa na wekundu, "kama juisi ya rozela," alisema.

Daktari alituchorea. Sukari iliharibu mishipa midogo ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaotuwezesha kuona, ikaota mipya isiyo na nguvu. Hiyo ndiyo iliyovujisha damu kwenye ute unaojaza jicho. Makovu nayo yalikuwa yakiivuta retina ibanduke. Wangetoboa matundu matatu madogo kwenye weupe wa jicho, waunyonye ute, waondoe makovu, wachome kwa leza, kisha wajaze kitu cha kuishikilia retina.

Hapo ndipo Njombe ilipoingia. Mara nyingi hujazwa gesi, lakini gesi hutanuka kadiri unavyopanda, na kwetu ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kupanda mlima Kitonga njiani kurudi kabla gesi haijaisha, jambo la wiki kadhaa, kungeweza kupandisha presha ya jicho hadi mama apofuke ndani ya basi. Na Dar hatukuwa na ndugu wa kukaa kwake wiki zote hizo.

"Basi tutaweka mafuta ya silikoni," daktari akasema. "Hayatanuki. Ila baada ya miezi kadhaa mtarudi tuyatoe."

"Weka hayo yanayoweza kufika kwetu, mwanangu," mama akamwambia.

Alipasuliwa kwa ganzi ya jicho tu, akisali rozari kimoyomoyo. Siku zilizofuata alilala kifudifudi, nami nikikaa sakafuni kumnywesha uji kwa mrija.

Tuliporuhusiwa, basi lilipoanza kona za Kitonga nilimshika mkono, macho yangu kwenye bendeji. Niliuelewa mchoro wa daktari, lakini moyo ulikataa kutulia. Kona ya kwanza, ya pili, malori yakitambaa mbele yetu.

"Mbona unanitazama hivyo?" mama akauliza. "Haliumi. Tukifika Ilula, ninunulie vitunguu."